Kiingereza Sahihi na Msemaji wa Kiswahili

Mwalimu aliyepata kufundisha Kiingereza katika kidato cha kwanza, iwe Chang'ombe au Mbagala, iwe Mwananyamala au Kinondoni, analijua vema daftari tutakalolizungumzia katika makala haya. Limejaa wino mwekundu. Mwenye daftari ameandika, kwa mwandiko wa kujitahidi, "My father he is working at the harbour". Ameandika "I was stolen my bag in the bus". Ameandika kwamba mdogo wake "has slept", naye alitaka kusema tu kwamba mtoto amelala. Mwalimu amekata, ameandika pembeni kilicho sahihi, akalishika daftari la pili. Juma linalofuata makosa ni yale yale na wino ni ule ule.

Sisi tunaoandika haya tumeushika wino huo kwa miaka, wala hatudai kwamba tuliutumia kwa busara kila mara. Katika shule moja ya Temeke alikuwapo kijana aliyeandika ile sentensi ya pili. Ilikuwa habari ya kweli: aliporwa begi lake la madaftari ndani ya basi, alipokuwa akitoka Tandika asubuhi. Alipoisoma insha yake kwa sauti, mwalimu alimwuliza, "Ni nani huyo aliyekuiba wewe, kisha akakurudisha?" Darasa zima likaangua kicheko. Kijana akaketi, na kwa muhula uliobaki hakuinua mkono tena katika somo la Kiingereza. Hakuna aliyemwuliza kama begi lilipatikana.

Hatuileti habari hii ili kumhukumu mwalimu yule. Twaileta kwa kuwa sentensi iliyochekwa haikuwa ya kijinga hata kidogo. Kwa Kiswahili husemwa "nimeibiwa begi", na hapana msikilizaji anayedhani kwamba kilichochukuliwa ni mimi. Kitenzi "iba" kimetiwa kiambishi cha kutendea, kikawa "ibia", kisha kikatiwa cha kutendwa, kikawa "ibiwa". Kwa hiyo yule aliyefikwa na hasara ndiye anayekuwa kiima, na kitu kilichokwenda na mwizi hubaki nyuma ya kitenzi. Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo katika kitenzi chake "steal". Hutaka kitu kilichoibwa ndicho kiwe kiima, "My bag was stolen". Au, mtu akitaka kujitaja mwenyewe, humlazimu azunguke na kusema "I had my bag stolen". Kijana alikuwa amefuata kanuni barabara, nayo ilikuwa kanuni ya lugha ya mama yake.

Yafaa basi tuulize imekuwaje mwanafunzi afike sekondari, baada ya miaka kadhaa ya kusoma Kiingereza, asiwe ameelezwa jambo jepesi kama hili. Jibu lake limo katika historia.

Wageni walipofika pwani yetu walijifunza Kiswahili kwa kukilinganisha na lugha walizokuja nazo. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeishi Mombasa, alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na ingawa yeye alikuwa Mjerumani aliuandika kwa Kiingereza. Edward Steere wa Unguja alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, miaka minne kabla hajawa askofu. A. C. Madan akafuata na kamusi zake za mwaka 1894 na 1903. Kisha serikali za kikoloni zikaingia katika jambo hili. Mkutano wa elimu ulifanyika hapa Dar es Salaam mwaka 1925. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukaichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikaachwa, jambo ambalo wapenzi wake hawakulisahau upesi. Na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ikaanza kazi. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ambaye kamusi zenye jina lake zilichapishwa mwaka 1939. Kwa miaka mingi ya mwanzo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja miongoni mwa wajumbe wa Kamati hiyo. Mwaka 1944 kikatoka kitabu cha sarufi cha E. O. Ashton, ambacho hata leo hakijapoteza heshima yake.

Vitabu hivi vyote vilimtazama msomaji mmoja, naye ni msemaji wa Kiingereza. Kijana wa Kiingereza aliyeletwa kuwa Bwana Shauri wa Kisarawe au Bagamoyo aliweza kufungua kitabu na kuambiwa: angalia hapa, kiambishi hiki si sawasawa na neno lako lile, angalia pale, lugha hii haina kile ulichokizoea, ila ina njia nyingine. Alipewa ramani kabla ya kuanza safari. Mtoto wa Kisarawe naye alipotakiwa kujifunza Kiingereza, hakupewa ramani. Vijitabu vya kujifundishia vimekuwapo madukani, hatukatai, lakini darasani njia iliyoheshimiwa ilikuwa kufundisha Kiingereza kwa Kiingereza kitupu, na mtoto aliyesema neno la kwao alionekana amevunja sheria.

Njia hiyo ilipata baraka za wataalamu. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, nchi za Jumuiya ya Madola zilifanya mkutano juu ya ufundishaji wa Kiingereza katika Chuo cha Makerere, Uganda, na fikra iliyotawala ilikuwa kwamba Kiingereza hufundishwa vema kwa Kiingereza chenyewe. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Makerere hapo hapo ndipo Kamati ya Kiswahili ilipokuwa imeweka makao yake tangu mwaka 1952, kabla ya kuhamia Mombasa na hatimaye kuja Dar es Salaam mwaka 1964, ambapo ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Waliokichunguza Kiswahili na waliopanga namna ya kuwafundisha Kiingereza watoto wa Afrika Mashariki waliishi juu ya kilima kimoja, lakini njia zao hazikukutana darasani.

Yaliyofuata wasomaji wetu wanayajua. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania Bara, na mwaka huo huo sheria ikaliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Shule za sekondari ziliendelea na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, ilipendekeza katika taarifa yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza shuleni wakaona kwamba wanafunzi wengi hawakijui kiasi cha kuweza kusomea masomo mengine. Hata hivyo walishauri kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza ukaanzishwa mwaka 1987 kwa fedha za Uingereza. Sera za elimu za mwaka 1995 na 2014 zililigusa tena suala hilo, kila moja kwa namna yake. Hatukusudii kuufungua mjadala huo hapa, maana umekwisha kuandikiwa kurasa nyingi. Tunachotaka kionekane ni hiki: katika miaka yote hiyo watu walibishana kuhusu lugha ipi itumike, na mara chache sana waliketi kumweleza mwanafunzi mahali hasa lugha hizo mbili zinapoachana.

Tuchukue kiambishi "-me-". Hakuna, kwa maoni yetu, silabi iliyomponza mwanafunzi wetu kuliko hii. Vitabu vingi humwambia kwamba "-me-" ni "have" au "has", naye huamini. Kisha humwona mtu amevaa shati jekundu, akaandika "He has worn a red shirt". Humwona amesimama mlangoni, akaandika "He has stood at the door". Mwingereza angeandika "He is wearing" na "He is standing". Sababu ni kwamba "-me-" ya Kiswahili hueleza tendo lililokwisha ambalo matokeo yake bado yapo mbele ya macho. Mtu aliyevaa amemaliza tendo la kuvaa, na shati limo mwilini. Aliyelala amemaliza kujilaza, na sasa yumo usingizini. Kiingereza hakitazami mwisho wa tendo katika maneno ya namna hii, hutazama hali ya sasa. Aidha, Kiingereza hakipendi "have" iketi pamoja na wakati uliotajwa na ukapita, kama vile jana. Sisi twasema katika mazungumzo, bila wasiwasi wowote, "babu yake amekufa mwaka jana". Mwenye sarufi mkali atatutaka tuseme "alikufa", lakini mitaa yote ya Manzese husema "amekufa", na mtoto wa Manzese huandika "has died last year". Mwalimu akimwonyesha chanzo cha kosa hilo kwa dakika tano atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko wino wa mwaka mzima.

Tuje kwenye vineno viwili, "a" na "the", ambavyo huulizwa katika kila darasa, na ambavyo mwalimu hujibu kwa kuchoka kwamba Kiswahili hakina kitu kama hicho. Kweli hatuna maneno hayo. Lakini wazo lenyewe tunalo, na tunalitumia kila siku bila kulijua. Mtu akisema "nimenunua kitabu", msikilizaji haulizwi kukijua kitabu hicho. Akisema "nimekinunua kitabu", mara moja tunafahamu kwamba ni kile kile kilichokwisha kutajwa. Hiyo "-ki-" ndogo katikati ya kitenzi imefanya kazi ambayo Mwingereza huifanya kwa "the". Kanuni hii haiendi kila mahali, maana kwa watu kiambishi huwekwa hata kama mtu hajulikani: twasema "nimemwona mtu" tusimjue ni nani. Pia haisaidii pale Mwingereza anapoandika "the sun" na "the Rufiji" lakini akakataa kuandika "the Tanzania". Hata hivyo ni mlango wa kuingilia, nao umo ndani ya kinywa cha mwanafunzi mwenyewe.

Kuhusu "he" na "she" hatuna haja ya kukaa sana. Kiswahili kina "yeye" mmoja, mwanamume au mwanamke, na kitenzi chetu hubeba "a-" kwa wote wawili. Kwa sababu hiyo hiyo mwanafunzi huandika "My father he is working": amezoea "baba yangu anafanya kazi", ambapo baba ametajwa kwa jina na akatajwa tena ndani ya kitenzi. Ile "he" ni "a-" yake aliyoivusha mpaka. Vihusishi "in", "on" na "at" navyo humsumbua kwa kuwa kiambishi "-ni" cha nyumbani, mezani na shuleni hubeba vyote, akasahau kwamba lugha yake inazo pia "pale", "kule" na "mle", ambazo hutenganisha mahali dhahiri, upande, na ndani ya kitu.

Sentensi za masharti zina ubishi zaidi. Twasema "ningejua, ningekuja", na "-nge-" husimama pande zote mbili kama nguzo mbili za mlango mmoja. Mwanafunzi akifuata mizani hiyo huandika "If I would know, I would come". Kiingereza sanifu hutaka upande wa sharti uchukue umbo la wakati uliopita, "If I knew", ingawa jambo lenyewe halijapita wala halijatokea. Na hapo ndipo kijana mmoja alipotuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini watu wenye saa na kalenda watumie wakati uliopita kwa jambo lisilopata kuwapo. Tulimjibu kwamba kwa Mwingereza wakati uliopita ni umbali, na kisichokuwapo kipo mbali kama kilichopita. Hakuridhika sana, nasi hatukumlaumu.

Lakini kosa linaloleta madhara nje ya daftari ni la neno dogo kuliko yote. Mwalimu wa zamu amwuliza mtoto, "Didn't you sweep the classroom?" Mtoto aliyefagia tangu alfajiri ajibu, "No, sir." Kwa Kiswahili mambo ni wazi: "Hukufagia?" "Hapana, nimefagia." Hapana yake inaikataa kauli ya mwulizaji. Kiingereza hakijali kauli ya mwulizaji, hutazama tendo lenyewe kama lilitendeka au halikutendeka. Kwa hiyo "No" ya mtoto imekuwa ungamo la kutofagia. Tumewaona watoto walioadhibiwa kwa neno hilo, na tumewaona watu wazima wakibishana na mgeni ofisini, kila mmoja akidhani mwenziwe ni mwongo.

Sasa msomaji anaweza kuuliza: na hicho Kiingereza sahihi, nani alikiamua? Swali ni jema. Sisi twaweza kutaja mwaka na mji ambapo Kiunguja kilichaguliwa. Waingereza hawakuwahi kuwa na kamati ya namna hiyo, wala akademia kama ile ya Wafaransa iliyoundwa mwaka 1635. Sheria zao nyingi zilitungwa na watu binafsi, hasa katika karne ya 18, ambao aghalabu walikipima Kiingereza kwa kipimo cha Kilatini. Maarufu miongoni mwao alikuwa Robert Lowth, aliyetoa kitabu cha sarufi mwaka 1762, na baadaye akawa Askofu wa London. Msomaji ataona kwamba sarufi ya Kiingereza na ya Kiswahili zote mbili zilipitia mikononi mwa mtu aliyekuwa njiani kuelekea uaskofu.

Katika urithi wa zama hizo imo ile kanuni mashuhuri kwamba sentensi isiishie kwa kihusishi. Mwanafunzi akiandika "This is the knife I cut the meat with", huambiwa amekosea, aandike "with which I cut the meat". Waandishi bora wa Kiingereza wamekuwa wakiishia kwa kihusishi tangu kale, na Lowth mwenyewe alikiri kwamba lugha yao ina mwelekeo mkubwa wa kufanya hivyo. Alichosema ni kwamba namna ile nyingine inafaa zaidi kwa uandishi wa heshima. Na msemaji wa Kiswahili angepaswa kuliona jambo hili kuwa la kawaida mno. Twasema "hiki ndicho kisu nilichokatia nyama". Ile "-ia" iliyoshikamana na mwisho wa kitenzi ndiyo "with" ya Mwingereza inayong'ang'ania nyuma ya kitenzi chake.

Vivyo hivyo kuhusu "Every student must bring his book". Wengine husema iwe "his or her", wengine "their". Waingereza na Wamarekani wameligombania jambo hilo kwa karne kadhaa, ingawa "they" ya mtu mmoja imeandikwa katika lugha yao tangu zama za kati. Sisi twaandika "kila mwanafunzi alete kitabu chake", tunaendelea na shughuli zetu.

Na "you"? Mwanafunzi huuliza kwa nini mtu mmoja aambiwe "you are" badala ya "you is". Jibu ni kwamba "you" zamani ilikuwa ninyi. Mmoja aliitwa "thou". Watu wakaanza kumwita mkubwa kwa neno la wengi ili kumheshimu, kama wafanyavyo hadi leo wasemaji wa Kinyanja huko kusini, na heshima ikaenea mpaka "thou" ikakosa wa kuambiwa. Kitenzi kikabaki cha wengi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amefundisha shule Pugu kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1955, alikutana na "thou" na "you" hizo katika tamthilia mbili za Shakespeare alizozifasiri, Julius Caesar mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969. Kila ilipotokea "you" ilimpasa aamue kama anayeambiwa ni wewe au ni ninyi, maana Kiswahili hakimruhusu mfasiri kunyamaza hapo.

Miaka kadhaa baada ya kisa cha begi tulijaribu jambo katika darasa jingine la Temeke, lenye wanafunzi zaidi ya sabini. Tuliandika ubaoni "nimeibiwa begi", tukawaomba wakipasue kitenzi hicho vipande vipande na kutuambia kila kipande kinafanya kazi gani. Dakika kumi za mwanzo walikuwa kimya, maana hawakuzoea kuulizwa kuhusu Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Kisha msichana mmoja wa nyuma akasema "-w-" ndiyo inayomwonyesha aliyetendwa. Jirani yake akamkatalia, akasema basi begi nalo limetendwa, mbona halikupewa kitu? Wakagawanyika pande mbili. Tuliwaandikia "My bag was stolen" chini ya ile ya kwanza, wakaanza kuhesabu vipande vya juu na vya chini, wakitafuta "mimi" amekwenda wapi; mmoja akamwona amejificha ndani ya "my". Chuma kilichoning'inizwa mwembeni kikagongwa, wala hawakutoka.